Sanitaiza inayochanganywa na famasia yetu wenyewe: mwaka mzima nayo wodi ya upasuaji

Naandika hii kwa ajili ya manesi wenzangu na yeyote aliye kwenye kamati ya IPC, yaani ya kuzuia maambukizi, hospitalini kwake, maana najua kila siku mnaulizana tununue sanitaiza gani, na wauzaji wanakuja na machupa ya rangi nzuri yenye harufu ya maua. Mi niko wodi ya upasuaji, hospitali moja huku Nyanda za Juu Kusini, vitanda 28, usiku tunakuwa manesi wawili na mhudumu mmoja. Mwaka mzima sasa tunatumia kitakasa mikono kinachochanganywa na famasia yetu wenyewe na nasema mapema kabisa, katika miaka tisa ya kazi sijawahi kutumia kingine kinachokifikia. Ila kina masharti yake na nitayasema yote.

Kwanza mjue tulikotoka. Tulikuwa na jeli ya kununua, ya bluu, nzito. Ukipaka mara ya kwanza sawa, mara ya pili sawa, ikifika mara ya nne inaanza kuvutika kwenye vidole kama mlenda, halafu ndo unataka kuvaa glovu sasa, glovu inagoma, inakwama kwenye kidole gumba, unavuta inachanika, unachukua nyingine, na mgonjwa anakuangalia tu. Watu wakaiacha. Hakuna aliyetangaza kwamba ameiacha, ila ile chupa moja ilikuwa inakaa miezi haiishi, na chupa ya sanitaiza isiyoisha kwenye wodi ya watu 28 waliopasuliwa ni jambo la kuogopesha kuliko chupa iliyoisha. Na hata mahali ilipokuwa ni kwenye meza ya manesi, mlangoni. Niliwahi kuhesabu kutoka kitanda cha mwisho mpaka pale mezani, hatua thelathini na kitu kwenda, na kurudi hivyohivyo.

Mtaniambia si kuna sinki. Sinki lipo, moja, mwisho wa wodi, na maji yanakatika. Na hata yakiwepo jamani huku kwetu mwezi wa sita na wa saba saa tisa usiku maji ya bomba yanauma mpaka ndani ya mfupa, unanawa huku meno yanagongana, na ile sabuni ya mche inakausha ngozi ikapasuka pasuka kwenye viungo vya vidole. Mikono iliyopasuka haisafishiki vizuri na inabeba vijidudu vingi zaidi, na ukiigusisha spiriti unaona nyota. Kwaiyo mtu anaanza kukwepa kunawa, sio kwa sababu hajali wagonjwa, mikono inamuuma. Nasema hili kwa sababu nimechoka na semina ambazo mkufunzi anasimama anatuambia tubadilike tabia wakati hajauliza sinki liko wapi.

Sasa hiki kitu chenyewe. Fomula sio siri, ni ya Shirika la Afya Duniani, imo kwenye mwongozo wao wa usafi wa mikono wa mwaka 2009, na asili yake ni Geneva kwenye hospitali za chuo kikuu alikokuwa Profesa Didier Pittet na wenzake, ambao waliamua kuitoa bure bila hataza ili hospitali yoyote duniani iweze kuchanganya yenyewe. Mi naliheshimu sana hilo, wangeweza kuiuza wakatajirika.

Kwa lita 10 mfamasia wetu anaweka ethanoli (ndo spiriti yenyewe) ya asilimia 96 mililita 8333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, halafu anajaza mpaka lita 10 kwa maji yaliyochemshwa yakapoa au ya kukenekwa. Basi. Inatoka na nguvu ya spiriti asilimia 80. Zamani nilidhani ile peroksaidi ndo inaua vijidudu vya mikononi, kumbe hapana, kazi yake ni kuua mbegu za bakteria ambazo zinaweza kuwa zimejificha ndani ya spiriti yenyewe au kwenye chupa, ndo maana ikishachanganywa inatengwa masaa 72 haiguswi na mtu. Mwanzoni tulikuwa tunamsumbua mfamasia, kaka tupe basi zimeisha, anasema siku tatu hazijatimia, tunaona anatubania. Alikuwa sahihi. Na kabla ya kutoa anapima nguvu ya spiriti kwa kile kipimo cha kuelea, ikiwa chini ya 75 au juu ya 85 haitoki. Ile ya juu sana nayo haifai kwa sababu spiriti inahitaji maji kidogo ili ifanye kazi, spiriti kavu inakauka kabla haijaua.

Gliserini ndo inayoniokoa mi. Kidogo tu, asilimia moja na nusu hata haifiki, lakini tangu tuanze nayo nimepita baridi ya Julai bila vidole kupasuka na hii sijawahi kuiona tangu niajiriwe. Mwenzangu mmoja alikuwa anakuja na mafuta ya nazi mfukoni kila zamu, sasa hivi anayaacha nyumbani.

Kwenye mkono ni nyepesi kama maji. Hapo watu wengi wanakosea, wamezoea jeli, wanaona hii inachuruzika wanadhani imechakachuliwa, wanapaka tone moja. Tone moja ni kazi bure. Unajaza kiganja, mikono yote ilowe, halafu unasugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, migongo ya vidole, vidole gumba kwa kuvizungusha, na ncha za vidole kwenye kiganja cha pili, mpaka ikauke yenyewe bila kufuta kwa koti. Sekunde 20 mpaka 30. Gumba na ncha ndo watu wanasahau, na fikirieni, ni vitu gani tunavyoshikia kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa? Gumba na ncha.

Hasara ya wepesi huo ni kwamba inadondoka chini, mhudumu wetu amelalamika sakafu inapoteza rangi chini ya chupa, na ana haki. Harufu nayo ni kali sekunde kadhaa za mwanzo halafu inapotea. Ukiwa na mchubuko inawasha, hilo halikwepeki.

Lakini jamani hata ingekuwa nzuri namna gani, kama ingekaa pale mezani mlangoni ningekuwa naandika maoni mengine kabisa. Kilichobadilisha wodi yetu ni fundi wa hospitali. Alichukua nyaya nene akakunja vishikio vya kuning'inizwa miguuni pa kitanda, kila kitanda kina chupa yake ya mililita 500 yenye pampu, na sisi tukapewa vichupa vidogo vya mililita 100 vya mfukoni. Hatua thelathini zikawa mkono mmoja kuunyoosha. Piga hesabu mwenyewe, asubuhi unapima presha na joto wagonjwa 28, ukienda kitanda kwa kitanda bila kushika kitu kingine mpako mmoja unatosha kuwa wa kumaliza huyu na kuanza yule, kwaiyo ni kama mara 29. Kunawa kwa sabuni vizuri ni sekunde 40 mpaka 60, yaani unaweza kumaliza nusu saa nzima umesimama kwenye sinki na bado hujahesabu kutembea, na hapo hujatoa dawa wala hujafungua kidonda hata kimoja. Hakuna nesi atakayefanya hivyo na wala tusidanganyane kwenye ripoti kwamba anafanya.

Zile nyakati tano tulizokariri chuoni, kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka, kwangu zilikuwa bango tu ukutani. Chupa ilipokuja kitandani ndo zikaanza kutekelezeka. Hasa ile ya tano, ambayo tuseme ukweli karibu kila mtu anairuka: umekuja tu kurekebisha dripu, hukumgusa mgonjwa, umeshika reli ya kitanda na shuka, unaondoka unaenda kitanda kinachofuata na vijidudu vya huyu. Wodi ya upasuaji reli ya kitanda imeshikwa na kila mtu na kila kitu.

Na niseme la glovu kwa sababu linaniuma. Glovu sio badala ya mikono safi. Nimeona, na zamani nimefanya, mtu anavaa glovu saa moja asubuhi anapita nazo vitanda vitano, anashika faili, anashika simu, anajiona yuko salama. Yeye ndiyo, kidogo. Mgonjwa wa tano hapana. Unapaka kabla ya kuvaa, unavua, unapaka tena, na usipake sanitaiza juu ya glovu ukaendelea nazo. Uzuri wa hii yetu ni kwamba ikikauka inakauka kweli, glovu inaingia bila kugombana, kwaiyo kisingizio cha mlenda kimekwisha.

Kwa wasio wauguzi mnaosoma hapa, kwa nini tunahangaika hivi? Shirika la Afya Duniani (WHO) wenyewe walitoa takwimu mwaka 2022, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 wanapata angalau ambukizo moja hukohuko hospitalini, nchi tajiri ni 7, na kati ya kila 10 wanaolipata mmoja anafariki. Na kwa Afrika wanasema mpaka asilimia 20 ya akina mama wanaojifungua kwa operesheni wanapata maambukizi kwenye kidonda. Mmoja katika watano! Mama amekuja mzima anarudi nyumbani na mtoto mgongoni na mshono unatoa usaha, anakaa wiki tatu anasafishwa kidonda, shamba linamsubiri. Hilo ndo ninaloliona mimi, sio namba. Na kwamba mikono ndo mbebaji haikugunduliwa jana, mwaka 1847 pale Vienna daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuingia wodi ya wazazi, na vifo vya akina mama kwenye kliniki yake vikaporomoka kutoka asilimia 18 mwezi Aprili mpaka kama 2 ndani ya miezi michache. Wenzake wengi walikataa kumsikiliza, wakaona wanaitwa wachafu. Miaka karibu 180 imepita na bado ukimwambia daktari apake mikono unaangaliwa usoni kwanza.

Sasa matatizo, kwa sababu nimeahidi.

Wiki ya kwanza zilipotea chupa sita. Hatukuwa tumewaelekeza ndugu wa wagonjwa, wao wakaona kila mgonjwa amepewa chupa yake wakajua ni ya kwenda nayo nyumbani, na mgonjwa akiruhusiwa chupa inaingia kwenye beseni pamoja na khanga na chupa ya chai. Siwalaumu. Tulipoanza kuwaeleza siku ya kulazwa kwamba hii ni ya kitanda na ni kwa ajili ya kila atakayekugusa, upotevu ukapungua sana, na hata wao ndugu wakaanza kupaka kabla ya kumlisha mgonjwa uji.

Kuna wenzetu Waislamu waliuliza kuhusu spiriti, dada mmoja hakuwa na amani nayo kabisa. Alienda kumuuliza shekhe wake, akajibiwa kwamba ni dawa ya kupaka kwa ajili ya kuokoa wagonjwa, hainywewi, hakuna shida. Na hospitali za Saudi Arabia kwenyewe wanatumia. Naliandika kwa sababu kwenye hospitali nyingi jambo hili linanyamaziwa na mtu anaacha kupaka kimyakimya bila kusema sababu.

Moto. Hii ni spiriti asilimia 80, inashika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba, kwaiyo madumu hayakai karibu na jiko wala jenereta, na ukipaka usubiri ikauke kabla hujawasha kiberiti au kushika mashine ya umeme. Na naombeni sana mtu asisome vipimo hapo juu akaenda kuchanganya jikoni kwake kwa spiriti ya kununua mtaani ambayo hajui ndani ina nini, methanoli, ile spiriti ya sumu, inaua na inapofusha. Hii ni kazi ya mfamasia mwenye chumba chenye hewa na vifaa vyake. Kwa sababu hiyohiyo watoto wanaangaliwa, na wodi ya wagonjwa wa akili chupa haziachwi kitandani, huko nesi anatembea na ya mfukoni.

Halafu haifanyi kila kitu. Mikono ikiwa na damu, usaha au uchafu unaoonekana, spiriti haipenyi, unanawa kwa sabuni na maji tiririka hata kama ni baridi. Mgonjwa anayeharisha baada ya kutumia antibayotiki muda mrefu, kuna yule bakteria Clostridioides difficile (zamani akiitwa Clostridium difficile), mbegu zake haziuawi na spiriti, hapo ni sabuni tu na glovu. Ndo maana hatukuacha kudai sinki la pili, na nje kwenye vyoo vya ndugu wa wagonjwa wameweka vibuyu chirizi ambavyo vinafanya kazi nzuri kuliko koki zilizokuwa zinaibiwa.

Na kuna suala la kujaza chupa ambalo karibu litutie aibu. Chupa ikiisha usiongezee juu ya iliyobaki. Inarudi famasia, inaoshwa kwa sabuni, inalowekwa kwenye klorini asilimia 0.1 robo saa nzima, inasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, inakaushwa ndo inajazwa. Miezi miwili ya kwanza tulikuwa tunaongezea tu kutoka kwenye dumu, usiku nani ataenda famasia, mpaka mfamasia alipokuja akafungua pampu moja akatuonyesha utando uliokuwa kwenye mrija. Toka siku hiyo kuna trei ya chupa tupu na trei ya chupa zilizojaa, zina lebo na tarehe. Sisi huku 5S, ule utaratibu wa kupanga sehemu ya kazi kwa hatua tano, tumeizoea, Mbeya ndo walianza nayo mwaka 2007 hospitali ya rufaa, na ile sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia kila mtu anaijua, lakini shikilia ndo ngumu kuliko zote na kwenye hili shikilia yetu ni zile trei mbili.

Pampu zinaharibika. Hili ndo lalamiko langu kubwa kwa kweli. Chupa zinadumu, pampu hazidumu, springi inalegea baada ya miezi kadhaa, na kupata pampu peke yake bila kununua chupa nzima ni shida. Leo wodini kwangu vitanda vitatu chupa zake zinabonyezwa mara nne ndo zitoe. Famasia wanasema gharama kubwa kwao ni spiriti na chupa, fomula yenyewe sio ghali, kwaiyo kama kuna mtu anajua wanakouza pampu za rejareja naomba aniandikie.

Mwaka 2023 Marburg, ile homa kali ya virusi inayoua, ilipoingia Kagera, watu 9 wakaugua na 6 wakafariki na mmojawapo alikuwa mhudumu wa afya, kila hospitali niliyoijua ilikuwa inakimbizana na sanitaiza. Baada ya tangazo la kwisha mwezi Juni nyingi zilirudi kwenye chupa moja mlangoni. Yetu imeanza wakati hakuna mlipuko wowote, ni siku za kawaida tu na vidonda vya kawaida, na hicho ndo ninachokipenda.

Nyota ngapi? Ubora wa chenyewe tano. Mpangilio wa kitandani tano. Pampu mbili. Kwa hospitali yenye mfamasia anayejali ningesema anzeni kesho, ila anzeni na fundi wa vishikio kwanza kabla ya kununua hata lita moja ya spiriti, mkichanganya halafu mkaiweka mlangoni mtakuwa mmepoteza.

Wiki iliyopita nilikuwa usiku. Kitanda cha 11 kuna mtoto aliyetolewa kidole tumbo, anauguzwa na bibi yake, mama mtu mzima sana hajui kusoma. Saa kumi alfajiri nimekimbia kutoka kwa mgonjwa aliyekuwa anatapika, nimefika nanyoosha mkono kwenye kanula ya mtoto kumchoma dawa, bibi akaweka mkono wake juu ya wa mjukuu akaniambia, "Mwanangu, ile chupa hujaigusa." Nikamwambia samahani bibi. Nikabonyeza, nikasugua mpaka ikakauka, gumba na ncha, yeye anaangalia. Ndo akatoa mkono.